Fizikia Mlangoni pa Famasi

Mhitimu wa kidato cha sita mwenye C ya Kemia, D ya Biolojia na E ya Fizikia ana pointi sita: tatu, mbili na moja. Kwa miongozo ya udahili ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ya miaka ya karibuni, sita ndiyo jumla ya chini kabisa kwa anayeomba Shahada ya Famasia, mradi zitoke kwenye masomo hayo matatu na kila somo awe amelifaulu kwa alama za A hadi E, zile ambazo wanafunzi huziita prinsipo. Ukisoma kitabu cha mwongozo pekee utadhani mlango ni mpana. Ukienda Muhimbili utakuta nafasi ni chache, wenye alama za juu huchukuliwa kwanza, na ile sita hubaki kuwa namba ya kwenye karatasi.

Hata hivyo ugomvi mkubwa hauko kwenye ile sita. Uko kwenye orodha ya masomo. Wapo vijana wenye pointi kumi na moja ambao hawaruhusiwi hata kujaza fomu, na wapo watumishi waliogawa dawa miaka kumi ambao wanakwama kwa somo walilowahi kuliacha wakiwa na umri wa miaka kumi na tano.

Masomo ya shahada ya famasia yalianza Muhimbili mwaka 1974, wakati huo ikiwa idara ndani ya kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo famasia inasomwa pia Bugando jijini Mwanza, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana Dodoma, na Kampala International University jijini Dar es Salaam. Kozi ni ya miaka minne, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo kabla ya kusajiliwa na Baraza la Famasia.

Wazungumzaji watano wa mjadala huu ni wa kutungwa. Hoja zao hazikutungwa. Yeyote aliyewahi kukaa na mzazi, mwalimu na mtumishi wa afya wakati wa udahili amezisikia, na mara nyingi amezisikia zikitolewa kwa sauti ya juu.

Wa kwanza kusema ni binti aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya CBG: Kemia, Biolojia na Jiografia.

"Shikamooni. Mimi nina B ya Kemia, B ya Biolojia na C ya Jiografia. Hizo ni pointi kumi na moja. Mwenzangu wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, ana sita, na Fizikia yake ni E, yaani alipata kati ya 40 na 49. Yeye anaruhusiwa kuomba, mimi siruhusiwi. Naomba mnieleze ile E inajua nini ambacho mimi sikijui."

Mhadhiri wa famasia anacheka kidogo. Swali hilo huulizwa kila mwaka.

"Marahaba, mwanangu. Umewahi kuona chupa ya amoksilini ya watoto imeandikwa tikisa kabla ya kutumia? Ile ni Fizikia. Unga umeelea ndani ya maji, na unatua chini kwa kasi inayotegemea ukubwa wa chembe, uzito wake na mnato wa maji yenyewe. Mtengenezaji asipoijua hesabu hiyo, mtoto wa kwanza anakunywa maji matupu na wa mwisho anakunywa dawa ya wiki nzima. Kushindilia vidonge ni Fizikia. Kupima kiasi cha dawa kwa mwanga wa urujuanimno ni Fizikia. Dawa inavyopenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu, hiyo nayo."

"Na hayo yote mnayafundisha nyinyi chuoni, Dokta?"

"Tunayafundisha, tena tangu mapema. Lakini nina miaka minne tu. Nikianza kukufundisha nguvu na mgandamizo ni nini, famakolojia nitaifundisha lini?"

Hoja ya mhadhiri si nyepesi. Mjadala mwingi wa mitaani huipuuza kwa kudhani mfamasia ni mtu wa kusoma mwandiko wa daktari na kuhesabu vidonge. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za kikohozi za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na dietilini glikoli na ethilini glikoli, kemikali zinazoua figo. Watoto zaidi ya 60 walikuwa wamekufa. Marekani ilipata msiba wa aina hiyo hiyo mwaka 1937, pale dawa ya salfanilamaidi ilipoyeyushwa kwenye dietilini glikoli na kuua watu zaidi ya mia moja. Anayesimama kati ya kiwanda na mtoto ni mtu anayejua kupima, na kipimo kinataka Kemia iliyokomaa.

Kemia, naam. Fizikia je?

Hapo ndipo inafaa kutazama nchi nyingine. Nchini Kenya, anayeomba shahada ya famasia kupitia mfumo wa KUCCPS hutakiwa kuwa na B ya Biolojia, B ya Kemia, B ya Hisabati au Fizikia, na B ya Kiingereza au Kiswahili katika mtihani wa KCSE. Tazama yale maneno "au". Mkenya anaweza kuingia famasia bila Fizikia ikiwa Hisabati yake ni nzuri. India wamegeuza: huko Fizikia na Kemia ni lazima, na Biolojia ndiyo inayoweza kubadilishwa na Hisabati. Vyuo vya Uingereza hudai Kemia karibu vyote, kisha humwachia mwombaji achague somo la pili, na pengine la tatu, kati ya Biolojia, Hisabati na Fizikia. Katika nchi zote hizi nne, Tanzania ikiwemo, somo ambalo halina mbadala ni Kemia. Mengine kila nchi imeyapanga kwa mazoea yake, na hakuna ushahidi kwamba wagonjwa wa Nairobi wanapewa dozi mbaya kwa sababu mfamasia wao alisoma Hisabati badala ya Fizikia.

Binti analidaka hilo haraka. "Na mimi Hisabati ninayo. Sisi wa CBG tunasoma BAM, hesabu ile ile wanayosoma wenzetu wa PCB."

"BAM ni somo la nyongeza, si somo kamili," mhadhiri anamkumbusha. "Mkenya yule wa B amefanya mtihani kamili wa Hisabati."

"Wa kidato cha nne, Dokta."

Mhadhiri ananyamaza kidogo, kisha anakiri kwamba ni kweli. Kenya haina kidato cha tano na cha sita. Mwanafunzi huingia chuo moja kwa moja, na kozi yake ya famasia katika Chuo Kikuu cha Nairobi huchukua miaka mitano. Kwa maneno mengine, Kenya imeamua kumalizia maandalizi ndani ya chuo. Tanzania imeyaweka nje, kwenye shule za sekondari, zenye maabara na zisizo na maabara.

Mwalimu wa Fizikia kutoka shule ya kata amekaa muda wote akisikiliza. Sasa anaingia, na hasira yake haielekei upande ambao wengi waliutarajia.

"Mnanizungumzia mimi bila kunitaja. Mimi ni mwalimu wa Fizikia peke yangu, vidato vyote vinne. Mtoto akimaliza kidato cha pili anaruhusiwa kuchagua: aendelee na Fizikia au aiache. Biolojia ni lazima, Fizikia si lazima. Nani anamshauri? Mara nyingi ni mkuu wa shule anayetazama wastani wa shule, au rafiki yake aliyekaa naye dawati moja. Anaacha. Hajui kwamba siku ile amefunga udaktari, famasia na uhandisi kwa pamoja. Nyie mnasema mlango uko chuo kikuu. Haupo huko. Upo kwangu, kidato cha tatu, na unafungwa na mtoto wa miaka kumi na tano."

Hakuna anayembishia. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya nyingi na kufikisha jumla ya 65 kwa kidato cha tano. Wazazi walizipokea kwa furaha, kama wateja kwenye duka lililoongeza bidhaa, lakini wachache walifungua mwongozo wa TCU kuona kila tahasusi inaishia wapi. Uchaguzi umeongezeka kuliko ushauri, na kwa mtoto wa shule ya kata ushauri wenyewe ni yule mwalimu mmoja.

Mama mfamasia, mwenye duka la dawa Kariakoo na aliyesomea Muhimbili enzi kilipoitwa MUCHS, haoni Fizikia kuwa tatizo hata kidogo. Kwake tatizo ni kwamba hakuna anayemuuliza mwombaji kama anaweza kuzungumza na mtu.

"Njooni dukani kwangu saa mbili usiku," anasema. "Mama amebeba mtoto mwenye malaria. Nampa dawa ya mseto. Vidonge vinategemea uzito wa mtoto. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ile ya kwanza, na nisipokuwa mwangalifu mama anaelewa saa nane ya usiku. Halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili. Anywe baada ya kula kitu chenye mafuta kidogo. Mtoto akitapika mapema, anarudia. Yote hayo nayasema kwa dakika tatu, kwa mtu aliyechoka, mwenye watoto wengine nyumbani. Nimepokea vijana wa mafunzo kwa vitendo wenye alama za kutisha, wanamsomea mama maelezo ya kwenye boksi kwa Kiingereza! Mnadai Kiingereza kwenye masharti. Kiswahili je? Wakenya wameweka angalau Kiingereza au Kiswahili. Sisi wenye Kiswahili chetu hatukuona haja."

Pendekezo lake ni usaili: kila mwombaji akae mbele ya watu watatu, apewe mgonjwa wa kuigiza, aonekane anavyomsikiliza.

Mwalimu wa Fizikia anatikisa kichwa. "Mama, nakuheshimu sana, lakini usaili utawapa nafasi watoto wa shule za kulipia. Wamefundishwa kujieleza tangu chekechea. Mtoto wangu wa kule kijijini atakaa mbele ya watu watatu wenye suti atetemeke. Na tuseme ukweli, nani atazuia simu ya mjomba? NECTA, baraza la mitihani, haina mjomba. Karatasi ina namba, haina jina."

Ni jibu gumu kulipangua. Mtihani wa taifa una kasoro zake zote, lakini katika nchi ambako nafasi za famasia ni chache na jamaa ni wengi, namba ya mtahiniwa ni kinga ya maskini. Mwandishi wa makala haya yuko upande wa mwalimu kwa hilo, ingawa hoja ya kaunta ya Kariakoo haifutiki. Labda mahali pake si kwenye udahili. Mtu wa miaka kumi na tisa anaweza kufundishwa kumsikiliza mgonjwa ndani ya miaka minne, chuo kikiamua kulifanya somo lenye mtihani na kufeli, badala ya kuliachia mwaka wa mafunzo kwa vitendo.

Marekani ilikuwa na njia ya tatu. Kuanzia mwaka 1974 waombaji wa famasia huko walifanya mtihani maalumu ulioitwa PCAT, wenye Kemia, Biolojia, hesabu na ufahamu wa kusoma. Januari 2024 mtihani huo ulifungwa kabisa. Kuna wanaousifu uamuzi huo kuwa ni ushindi wa usawa. Picha nzima haina utamu huo: vyuo vya famasia vya Marekani vilikuwa vimeongezeka hadi kupita 140, waombaji wakapungua mwaka hadi mwaka, na vyuo vingi vilikwisha kuufanya mtihani ule kuwa wa hiari kabla haujafungwa. Mlango ulipanuliwa kwa sababu viti vilikuwa vitupu. Dar es Salaam hali ni kinyume chake, waombaji ni wengi na viti havitoshi, kwa hiyo anayesema "hata Marekani wamefuta" amebeba mfano usiomfaa.

Mhadhiri anataka kuitumia mifano ya nje kwa namna nyingine. Masharti makali, anasema, ndiyo yanayolinda heshima ya shahada yetu nje ya nchi. Mama mfamasia anamkatiza. Anajua habari hizo vizuri kuliko wote, maana waliosoma naye wengine waliondoka. Jumuiya ya kitaifa ya bodi za famasia za Marekani, NABP, inapopokea maombi ya mfamasia wa kigeni aliyehitimu kuanzia Januari 1, 2003, hutaka awe amesoma mtaala wa famasia wa miaka isiyopungua mitano. Haimuulizi kama alikuwa na E ya Fizikia kidato cha sita. Mtanzania wa miaka minne anakwama hapo, sawa na Mhindi mwenye shahada ya miaka minne. Mkenya wa miaka mitano anapita kigezo hicho.

"Kwa hiyo heshima hiyo inapimwa kwa kalenda, Dokta, si kwa tahasusi," anasema.

Mzungumzaji wa mwisho ni fundi dawa sanifu wa hospitali ya wilaya. Amekaa kimya mpaka sasa kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, amezoea kuzungumza wa mwisho. Ana stashahada ya sayansi ya famasia. Ndiye anayeagiza dawa Bohari ya Dawa, ndiye anayehesabu ghala, na usiku daktari akihangaika na dozi ya mgonjwa wa figo, ndiye anayepigiwa simu.

"GPA yangu inazidi 3.0," anasema. "Mwongozo wa TCU unasema mwenye stashahada ya famasia akiwa na wastani wa B au GPA ya 3.0 anaweza kuomba shahada. Nikafurahi. Nikasoma mstari unaofuata: awe pia na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Fizikia sina. Niliiacha kidato cha tatu, kama alivyosema mwalimu hapa."

"Sasa stashahada uliingiaje bila Fizikia?" binti anauliza.

"Kihalali kabisa, mdogo wangu. Masharti ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa stashahada ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia na Biolojia. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza nzuri. Fizikia haitajwi. Nikasoma miaka mitatu. Nikafundishwa kutengeneza dawa, kupima, kukokotoa dozi. Nikafaulu. Serikali ikaniajiri. Siku nikitaka kuongeza elimu ya kazi ile ile ninayoifanya, naambiwa nirudi nikatafute D ambayo kwa NECTA inaanzia alama 30."

Mhadhiri anajaribu kutetea. D ya kidato cha nne, anasema, ni sakafu tu, kuonyesha kwamba mtu aliwahi kukutana na somo. Utetezi huo haushawishi, na hapa mwandishi hana sababu ya kujifanya mwamuzi asiye na upande. Mamlaka mbili za nchi moja zimeweka ngazi mbili za taaluma moja, na ngazi ya chini haikupimwa kwa kipimo cha ngazi ya juu. Mtu aliyepanda ya kwanza kwa kufuata kila kanuni anagundua katikati kwamba ya pili ilijengwa kwenye ukuta mwingine. Ama NACTVET iweke Fizikia kwenye masharti ya stashahada ili kijana ajue tangu mwanzo, ama TCU ikubali kwamba miaka mitatu ya famasia yenye matokeo mazuri ni ushahidi mkubwa kuliko alama 30 za mtihani wa zamani. Hali ya sasa haina mtetezi mzuri, na ndiyo maana huwa inatetewa kwa neno "utaratibu".

"Nitafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea," fundi dawa anaendelea, bila manung'uniko. "Nitakaa na watoto. Tatizo langu ni nani atanifundisha majaribio ya maabara."

Mwalimu anapendekeza jambo ambalo mhadhiri analiandika: chuo kifundishe muhula mmoja wa Fizikia ya famasia kwa wanaotoka CBG na wanaotoka stashahada, kiwatahini chenyewe, atakayeshindwa arudi nyumbani. Mhadhiri anahesabu vikwazo kwa vidole: ruhusa ya TCU, mwalimu wa ziada, nafasi za maabara ambazo hazitoshi hata kwa waliopo, na Bodi ya Mikopo ambayo ingelazimika kulipia muhula usiokuwemo kwenye miaka minne. Vikwazo vyote ni vya kweli. Hakuna hata kimoja kinachohusu usalama wa mgonjwa, na binti anamwambia hivyo hivyo.

Kisha anaomba kuuliza swali moja la mwisho, na analiuliza huku amefungua cheti chake.

"Dokta, mimi Fizikia ya kidato cha nne ninayo, C. Nikienda stashahada miaka mitatu, nikapata GPA ya 3.0, nikarudi kwako kuomba shahada, utanipokea?"

"Kwa mwongozo ulivyo, ndiyo. Una sifa."

"Bila kusoma Fizikia nyingine ya sekondari?"

"Bila."

"Basi Fizikia ya kidato cha nne inatosha kusoma shahada ya famasia. Inatosha kwa aliyepita stashahada, haitoshi kwangu mwenye B mbili za kidato cha sita. Miaka mitatu ya stashahada, minne ya shahada, mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Minane. Mwenzangu wa E atamaliza kwa mitano."

Mhadhiri anajibu kwamba miaka mitatu ya stashahada si bure, mtu anajifunza famasia yenyewe humo, na hiyo ndiyo fidia. Mama mfamasia anasema fidia hiyo ingeweza kuwa muhula mmoja. Wanaanza kubishana upya, kuhusu maabara, kuhusu Bodi ya Mikopo, kuhusu nani aandike barua kwa TCU, na mhadhiri anamwomba binti amwandikie hesabu ile kwenye karatasi ili aende nayo kwenye kikao cha kupitia mtaala. Pembeni, mwalimu wa Fizikia amekwisha kumwambia fundi dawa kwamba maabara ya shule yake hufunguliwa Jumamosi saa mbili asubuhi, na kwamba watoto wa kidato cha nne hawatamcheka zaidi ya wiki ya kwanza.